Mimi, Riwaya Yangu na Chipu Inayojiandika

Msomaji mpenzi, kuna neno ambalo huku kwetu limekuwa la kila siku kama chumvi, na sidhani kama kuna mtu aliyewahi kulikalisha kitako akalihoji. Neno lenyewe ni flashi. Peleka senta simu iliyogoma, fundi ataigeuzageuza mara mbili tatu kisha atakuambia, "Hii inataka kuflashiwa, buku tano." Nenda steshenari ukachapishe barua ya kuomba kazi, yule dada wa kompyuta atakuuliza bila hata kukutazama, "Flashi unayo?" Neno moja, kazi mbili, na sote tunaitikia kwa kichwa kana kwamba tulinyonya nalo.

Mimi ni kijana wa Kibimba, wilayani Ngara, mkoa wa Kagera. Nilimaliza kidato cha nne, nikaambulia cheti na ugonjwa wa kuandika. Ndoto yangu ni riwaya. Imo katika kaunta buku nne zilizofungwa kwa mpira wa tairi, na sura tatu za mwanzo zimo katika flashi ninayoivaa shingoni kama hirizi. Kwa hiyo habari hii ya flashi, wenzangu, kwangu si habari ya mafundi peke yao.

Tuiweke sawa kwanza. Flashi ni aina ya kumbukumbu iliyobuniwa na mhandisi wa Kijapani, Fujio Masuoka, alipokuwa kampuni ya Toshiba, naye akaitangaza mbele ya wataalamu wenzake mwaka 1984. Ndani yake mna transista ndogo mno, na kila moja imefichiwa kisiwa kilichozungushiwa ukuta usiopitisha umeme. Ukitaka kuandika, unasukuma chaji kwa nguvu mpaka inavuka ukuta na kutua kisiwani. Ukiondoa umeme chaji inabaki humo humo, miaka nenda miaka rudi, imetulia kama mfungwa aliyezoea. Kasheshe iko kwenye kufuta. Hufuti herufi moja moja, unafuta eneo zima kwa mkupuo mmoja. Inasimuliwa kwamba jina lilitokana na hapo: ule mfuto wa ghafla ulimkumbusha mwenzake Masuoka mmweko wa kamera.

Basi, kuflashi simu ni kuifuta programu ya ndani na kuiandika nyingine mahali pale pale. Siku za gulio humsaidia fundi mmoja hapa senta. Kazi yangu ni kumshikia tochi na kuandika majina ya wenye simu kwenye daftari. Siku moja ya mvua alikuwa ameiunganisha simu ya mwalimu na kompyuta ya mezani, mstari wa kijani unatambaa, umefika karibu na nusu. Radi ikapiga upande wa mlimani, umeme ukakatika. Uliporudi, simu haiwaki, haitetemeki, haichaji. Programu ya zamani imeshafutwa, mpya haijaisha kuingia. Fundi akaiweka mezani polepole kama mtu anayelaza mtoto.

"Imefia katikati, dogo," akasema.

Mwalimu alipokuja, fundi alimkabidhi kitochi chake mwenyewe akitumie mpaka suluhu ipatikane. Mimi nilirudi nyumbani na swali: hivi kuna kitu kinachoweza kujiandika upya chenyewe, kikiwa kazini, bila kufia katikati, na bila mwizi kupenyeza maneno yake humo?

Jibu la kwanza sikulipata maabara. Nililipata ukutani kwa bibi yangu, na bila shaka ukutani kwenu pia. LUKU, kama ujuavyo, ni Lipa Umeme Kadiri Unavyotumia. Unanunua kwa simu, unaletewa tarakimu 20, unabonyeza, taa inawaka. Mwaka 2024 TANESCO ilitangaza kuwa mita za LUKU lazima ziboreshwe kabla ya tarehe 24 Novemba. Ukinunua umeme mara ya kwanza katika zoezi lile, unapata mafungu matatu ya tarakimu 20: mawili ya kuibadili mita, na la tatu ndilo umeme wenyewe.

Tarakimu 60! Bibi alinitazama juu ya miwani. "Mume wangu," akasema, maana ndivyo anavyoniita tangu nilipoanza kutembea, "hawa wanatuuzia umeme au wanatupa mtihani?"

Tukagawana kazi, mimi nasoma, yeye anabonyeza. Nilichokiona jioni ile hakijanitoka. Kila tarakimu niliyoitaja kwa Kiswahili, yeye aliinong'ona kwanza kwa Kishubi, kisha ndipo kidole kikaenda. Mara sitini. Hakukosea hata moja.

Kwa nini zoezi lile lilihitajika? Hapa, wapenzi wa hesabu, kaeni vizuri. Mfumo wa tokeni za tarakimu 20 chimbuko lake ni Afrika Kusini, na sasa unatumika katika nchi nyingi. Kila tokeni hugongwa muhuri wa wakati, yaani idadi ya dakika zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengewa hesabu hiyo ni biti 24, kwa hiyo namba kubwa kabisa inayoingia humo ni 16,777,215. Zigeuze dakika hizo kuwa siku, uanze kuhesabu, utajikuta umefika 24 Novemba 2024. Ukivuka hapo hesabu inaanza upya sifuri. Na mita ina kumbukumbu. Inajua tokeni zilizokwisha kutumika, na inakataa iliyotumika pamoja na ile inayoonekana ya zamani mno. Tokeni yenye muhuri wa sifuri ingeonekana mzee kuliko wote, ingetupwa nje. Ungelipa na ungelala gizani.

Nikachukua penseli. Mimi nimezaliwa tarehe 14 Machi 2001, na siku ile ilipoanza, kaunta ilikuwa dakika ya 4,311,360. Nikarudi nyuma zaidi, mpaka Aprili 1994, siku zile mbili za tarehe 28 na 29 ambazo mtu yeyote wa Ngara aliyekuwapo hazisahau, pale Wanyarwanda wapatao laki mbili na nusu walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja. Kaunta ilikuwa haijamaliza dakika laki saba. Namba ileile iliyokuwa ikihesabu umeme wa watu wa mbali ilikuwa pia ikihesabu usiku ule. Ngara penyewe wakati huo umeme wa gridi haukuwapo. Kwa miaka mingi baadaye mji uliangaziwa na majenereta ya dizeli, na leo maporomoko yale yale ya Rusumo yana mtambo wa megawati 80 unaogawanywa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Rudi kwenye mita. Yale mafungu mawili ya mwanzo yalikuwa yamebeba ufunguo mpya, kila fungu nusu yake. Na nusu hizo zilifumbwa kwa ufunguo wa zamani. Yaani mita ya bibi haikumwamini mtu yeyote aliyekuja kusema "mimi ndiye ufunguo wako mpya." Iliutumia ule wa zamani kumfumbulia mgeni, ikakusanya nusu ya kwanza, ikasubiri ya pili, zilipokutana ikabadilika, na tangu hapo ile ya zamani haifungui kitu. Tokeni ya zamani uliyokuwa umeihifadhi bila kuiingiza ikawa tarakimu tu. Fundi hakuja. Mita haikufunguliwa hata skrubu moja. Ilibadilishwa na mwanamke wa miaka zaidi ya sabini aliyesimama juu ya kigoda.

Ila mita ile ilibadili ufunguo tu, haikujiandika yote. Zipo chipu zinazokwenda mbele zaidi, na hizi ndizo zilizonilia bando la usiku mwezi mzima, mimi na kamusi yangu iliyong'oka jalada.

Chipu ya kawaida hutoka kiwandani mambo yake yameshaamuliwa, kama nyumba ya matofali. Chipu ya lojiki inayopangika iko kama uwanja wa gulio: vibanda vipo, njia zipo, lakini nani akae wapi na nani aungane na nani unaamua wewe uliyeinunua. Leo iongoze injini, mwakani ichuje sauti. Kuna koo mbili kubwa. Ukoo wa kwanza husahau umeme ukizimwa, na kila ukiwashwa lazima zifundishwe upya kutoka kumbukumbu ya pembeni, na njiani humo mwizi anaweza kutega sikio. Ukoo wa pili huweka mpangilio wake ndani kwa flashi. Ukizima, ukiwasha, ziko vilevile. Kampuni ya Marekani iitwayo Actel ndiyo iliyojulikana kwa ukoo huo wa flashi. Mwaka 2010 ilinunuliwa na Microsemi, nayo Microsemi ikamezwa na Microchip mwaka 2018. (Samaki wakubwa hula wadogo huko pia.)

Sasa ingia hapa. Microsemi walitoa mwaka 2012 chipu inayoitwa SmartFusion2, yenye prosesa yake ndani. Prosesa hiyo inaweza kupokea faili la mpangilio mpya, ikaliweka kumbukumbu ya pembeni, kisha ikaomba chipu ile ile inayoibeba ijiandike upya. Ni seremala anayebadilisha kenchi za paa huku amekaa juu yake! Nikajisemea, hapa lazima kuna mtu ataanguka. Kumbe wenyewe walishaliwaza.

Faili huja limefumbwa kwa kanuni iitwayo AES, ambayo Marekani iliipitisha rasmi mwaka 2001. Ufunguo umelala ndani ya chipu, na kufumbua kunafanyika ndani, hivyo hata anayeliona faili likipita barabarani anaona takataka. Kabla ya kufuta hata swichi moja, faili linaweza kukaguliwa lote, tangu mwanzo hadi mwisho, kama muhuri wake ni wa kweli. Ikigeuzwa biti moja tu njiani, linakataliwa na mpangilio wa zamani unabaki ukifanya kazi. Faili pia lina namba ya toleo, na chipu inaweza kupangwa ikatae toleo la nyuma hata kama muhuri wake ni halali, kwa sababu toleo la nyuma huenda lina tundu ambalo wezi wameshalijua. Na umeme ukikatika katikati? Ikiwa mbunifu aliiandaa hivyo, chipu ikiamka inajigundua kuwa haijakamilika, inakwenda kumbukumbu ya pembeni ilikotunzwa nakala safi, na inaanza tena. Nilimsomea fundi wangu kipande hicho. Akakaa kimya, akaitazama ile simu ya mwalimu iliyokuwa bado iko rafu ya juu.

"Kumbe dawa ilikuwapo," akasema.

Lakini kilichonifanya niweke simu chini nikatoka nje ni jambo jingine. Wakati chipu inajiandika, ule uwanja wake wote wa lojiki unalala, haufanyi kazi nyingine. Na anayesimamia kufuta na kuandika ni kisehemu kidogo cha chipu ambacho chenyewe hakiandikwi upya. Kilitoka kiwandani hivyo, na kitabaki hivyo. Bila hicho hakuna wa kushika kalamu.

Mtajiuliza haya yote yana nini na riwaya. Subirini.

Riwaya yangu inaanzia usiku ule wa Aprili 1994. Bibi alinisimulia, kwa Kishubi, jikoni, kwa vipande, kwa muda wa miaka kadhaa, habari ya binti mmoja aliyepokewa nyumbani kwetu kutoka ng'ambo ya mto, akakaa, kisha akaondoka. Alinipa sharti moja. Niandike chochote, ila jina la yule binti lisiandikwe popote, kwani wapo watu ambao hata leo hawapaswi kujua alipita wapi. Mimi niliahidi. Katika kaunta buku zote nne, kila panapostahili jina lake, nimeacha nafasi tupu yenye upana wa kidole. Yule dada wa steshenari alipofika hapo aliuliza, "Hapa panakaa nini?" Nikamwambia piga nafasi mara tano, endelea.

Mwaka jana nilipeleka sura zile tatu kwa mchapishaji mmoja, jina lake silitaji. Baada ya miezi minne likaja jibu, na wenzangu mnaojua kungoja jibu mtaelewa jinsi mikono ilivyotetemeka. Mhariri alizipenda. Lakini, akaandika, zile nafasi tupu zitamchosha msomaji. Akanipa njia mbili. Ama nijaze jina la kweli na kitabu kitoke kimeandikwa juu yake "kisa cha kweli", kwani visa vya kweli vinauzika. Ama nikihamishie kisa chote Dar es Salaam, binti awe mpangaji wa Sinza au Manzese, na Kibimba itoke kabisa, maana nani anaijua Kibimba?

Kwa ukweli njia zote mbili zina utamu wake. Kitabu kina jalada. Jalada lina jina langu. Vijana wenzangu hapa kijiweni wanaoniita "profesa" kwa kejeli wangelishika mikononi. Nililala na barua ile chini ya mto usiku mwingi.

Ndipo ile chipu ikaanza kunisumbua. Nikaona njia ya kwanza ni kuutoa ufunguo hadharani ili watu wasome kwa urahisi. Njia ya pili ni kufuta eneo zima kwa mkupuo na kuandika la mtu mwingine, bila kuuliza kama kile kisehemu kidogo kinachoshika kalamu kitabaki. Maana mimi nikiiondoa Kibimba, na Kishubi cha bibi, na zile nafasi tupu, nani atakuwa anaandika? Sijui wenzangu mnaoandikia mjini mnalionaje hili. Pengine mtasema huu ni ushamba. Ila mimi sijawahi kulipa kodi ya chumba Sinza, na binti yule hakuwahi kufika huko.

Msidhani nimelewa chipu. Nazo zina hadithi yao ya aibu. Mwaka huo huo wa 2012, Sergei Skorobogatov wa Chuo Kikuu cha Cambridge na mwenzake Christopher Woods walitangaza kwamba wameichunguza ProASIC3, chipu ya flashi ya kizazi cha kabla ya SmartFusion2, na wamekuta ndani yake njia iliyofichwa, yenye ufunguo wake wa pembeni, inayoweza kumwingiza mtu hata pale mwenye chipu alipodhani amefunga kila kitu. Kampuni ilikana kuwa ni mlango uliotegwa, ikasema ni sehemu ya majaribio ya kiwandani. Wataalamu walibishana sana. Kilichonigusa mimi ni yule mwenye chipu, aliyefunga mlango wake vizuri, akaenda kulala, bila kujua kuna ukuta wa nyuma.

Nikawaza: je, na mimi? Jina ninalolilinda, nani mwingine analijua? Kama yupo jirani mwenye umri wa bibi, au mjomba, ulinzi wangu wote wa nafasi tupu ni mchezo wa watoto. Jumapili moja nikaenda kwa bibi, nikamkuta anachambua maharage. Nikamweleza barua, nikamweleza njia mbili za mhariri, nikamuuliza nani mwingine anajua jina lile.

Akaendelea kuchambua. Kisha akacheka, kicheko kile chake kisicho na sauti, mabega tu.

"Mume wangu," akasema, "jina nililokupa ni lile tulilomwita hapa nyumbani. Alilopewa kwao aliniambia mimi peke yangu, siku anaondoka. Hilo sikukupa."

"Kwa nini, bibi?"

"Ulikuwa mtoto. Na ungeandika."

Nilikaa pale mpaka maharage yakaisha. Miaka yote ile nimelinda nusu. Nusu ya pili iko kwake, na hana mpango wa kuitoa, na sikumwomba.

Nimemjibu mhariri. Nimemwambia sitajaza nafasi zile na sitahamia Sinza. Badala yake nimeiandika upya sura ya kwanza yote, na hili nililifanya kama chipu inavyofanya: niliandika mpya mpaka mwisho kwenye kaunta buku ya tano, nikaisoma yote kwa sauti, ndipo nikaifunga ya zamani. Sasa msimulizi mwenyewe anamwambia msomaji waziwazi, ukurasa wa kwanza, kwamba jina hatapewa, na kwamba kuna mtu mmoja duniani ambaye akisoma ataijua nyumba, ataujua mgomba ulioegemea choo, atajua ni yeye. Wengine wote watasoma kisa. Sijui kama yu hai. Kama yu hai sijui kama anasoma Kiswahili, ingawa bibi anasema alikijifunza haraka kuliko mtu yeyote aliyemwona.

Jibu la mhariri halijaja. Ni wiki ya sita sasa. Sura ya pili imefika pale binti anapofundishwa kumenya ndizi bila kujichafua utomvu, na bibi amenisahihisha mara mbili, kwani nilikuwa nimemfanya ashike kisu kwa mkono wa kulia.